Wimbo Mpya Uliotugawa Katika Parsele ya Katuba

Jumapili ile tulikuwa watu watano katika parsele, yaani uwanja wa nyumba, ya shangazi yangu hapa Katuba, Lubumbashi, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, na ni simu moja tu iliyobaki na chaji ya kutosha kutusikilizisha nyimbo mbili ambazo bendi ya Vampire Weekend ilikuwa imezitoa pamoja mwezi huo wa Februari 2024: “Capricorn” na “Gen-X Cops”. Simu tuliiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume. Nakiri kwamba sufuria haitendei haki muziki wowote, sembuse ule ambao wenyewe wameujaza mikwaruzo kwa makusudi, lakini ndicho chombo tulichokuwa nacho, na ugomvi uliofuata ulikuwa wa kweli.

Lazima nieleze kwanza kwa nini watu wa Katuba wagombane juu ya bendi ya New York. Katika albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2008, kuna wimbo uitwao “Cape Cod Kwassa Kwassa”, na kwa Mkongo jina hilo halipiti sikioni hivi hivi. Kwassa kwassa ni ngoma yetu ya miaka ya 1980, ile ya viuno kwenda mbele na nyuma huku mikono ikifuata, iliyotembezwa duniani hasa na Kanda Bongo Man baada ya kuhamia Paris mwaka 1979. Binamu yangu aliuleta wimbo huo katika flashi iliyojaa nyimbo za kila namna, tukacheka, tukakasirika kidogo kwamba vijana wa Chuo Kikuu cha Columbia wamejichukulia jina letu, kisha tukaurudia, kwa sababu gitaa lile jembamba na safi lilikuwa linatuita kwa lugha tunayoijua. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiwafuata kama mtu anavyomfuata ndugu wa mbali aliyefanikiwa: kwa fahari, na kwa manung'uniko.

Aliyenung'unika zaidi Jumapili hiyo ni rafiki yangu anayepiga gitaa parokiani. Yeye alikuwa amejifunza mwanzo wa “Harmony Hall”, wimbo wao wa mwaka 2019, noti kwa noti, na husema vidole vyake huingia humo bila shida kwa sababu vilikulia katika gitaa kavu, lisilo la umeme, la Mwenda Jean Bosco, yule mwanamuziki ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. “Gen-X Cops” ilipoanza na gitaa lake linalolia kama bati linaloburutwa juu ya lami, alitazama ndani ya sufuria akidhani spika ya simu imepasuka. Alipohakikishiwa kwamba ndivyo walivyorekodi, alisema kwamba tangu Rostam Batmanglij, mwanzilishi mwenza na mtayarishaji wao, aondoke katika bendi mwaka 2016, hakuna tena wa kuwazuia wenzake wasiharibu.

Hoja hiyo naisikia mara nyingi kwa mashabiki wa zamani, nami siikubali. Rostam aliondoka, lakini mkono wake umo hata katika albamu ya mwaka 2019, na mtayarishaji Ariel Rechtshaid, aliyeshiriki katika nyimbo hizi mpya, ni yule yule aliyekuwa nao katika albamu ya 2013 ambayo rafiki yangu anaisifu. Kelele hizi hazikuletwa na mgeni.

Mdogo wangu, mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alimjibu kwa ukali zaidi kuliko mimi. “Yaya, wewe unataka wakupigie mwaka 2008 mpaka uzeeke,” alimwambia; yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Yeye aliwajua kupitia albamu ile ya 2013, yenye giza na mawazo ya kifo, kwa hiyo mikwaruzo haikumshtua hata kidogo. Alikumbusha pia kwamba “Harmony Hall” yenyewe imebeba mstari uliokwisha kuimbwa katika “Finger Back”, wimbo wa albamu hiyo ya 2013, kwa hiyo bendi hii ina desturi ya kurudia mali yake na kuigeuza. Lakini kilichomshika moyo kilikuwa “Capricorn”, wimbo wa polepole juu ya mtu aliyezaliwa mwishoni mwa Desemba, ambaye mwaka wake ulikwisha kabla hajaufaidi. Yeye alizaliwa tarehe 29 Desemba, na katika maisha yake yote hajawahi kupata zawadi ya siku ya kuzaliwa iliyo mbali na ya Noeli.

Mshangao ulitoka kwa jirani yetu mzee, tunayemwita Papa tu, ambaye alikuja na kiti chake kwa sababu ya sauti. Tulidhani atatufukuza. Badala yake alisema ule wa kelele ndio mzuri, kwa kuwa gitaa linaingia mara moja bila kumchelewesha mchezaji, na ndivyo Kanda Bongo Man alivyofanya alipolileta gitaa mapema badala ya kulisubirisha hadi mwisho wa wimbo. Rafiki yangu alinyamaza kwa heshima, ingawa uso haukunyamaza.

Mimi nipo upande wa mdogo wangu, kwa sababu katika “Capricorn” ghasia inaingia baada ya utulivu mrefu na inaumiza inavyotakiwa, ilhali “Gen-X Cops” nimeisikiliza mara tano na bado naiona kama mtu anayeharakisha kumaliza maneno. Nilitaka kuwaeleza hivyo, lakini simu ikazimika.

Jumatano iliyofuata nilipita parokiani kabla ya mazoezi ya kwaya, nikasikia mtu akiutafuta ule mlio wa bati kwenye gitaa lisilo la umeme, akikosea na kuanza upya. Aliponiona mlangoni aliacha, akaanza kupiga wimbo wa matoleo.