Kibarua Changu kwenye Mkutano wa Makanisa, Nairobi 1975

Kwa kijana wa mrengo wa kushoto, Nairobi ya mwaka 1975 haikuwa mahali pa kusema ovyo. Machi, J. M. Kariuki, mbunge aliyeikosoa serikali, aliuawa na maiti yake ikapatikana Ngong. Oktoba, wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa palepale bungeni wakawekwa kizuizini. Sisi wanafunzi wachache tuliokuwa tukimsoma Nyerere na Amílcar Cabral, mpigania uhuru wa Guinea-Bissau, tulikutana chumbani, pazia limeshushwa, redio imeongezwa sauti ili jirani asisikie tunayozungumza.

Novemba, Baraza la Makanisa Duniani likafungua mkutano wake mkuu wa tano KICC, jumba la mikutano la Kenyatta, ambalo mwanzo lilikusudiwa kuwa makao makuu ya KANU, chama tawala. Baba, mzee wa kanisa, ndiye aliyenitafutia kibarua cha kurudufu na kugawa karatasi. Alitumaini nikikaa na watumishi wa Mungu siasa itanitoka. Mimi nilikuwa na langu. Tangu 1970 Baraza hilo lilikuwa likivipa vyama vya ukombozi fedha, FRELIMO na MPLA vikiwemo. Mgao wa kwanza ulikuwa dola 200,000 kwa mashirika 19. Sasa Msumbiji ilikuwa huru tangu Juni, na Angola ilikuwa imejitangazia uhuru Novemba 11, wiki mbili hazijatimia. Nilitaka kuwaona kwa macho watu waliothubutu kutoa sadaka ya namna hiyo kwa jina la Kristo.

Nao hawakuniangusha. Robert McAfee Brown, mwanateolojia wa Marekani, alianza hotuba yake kwa Kiingereza kisha akahamia Kihispania, kwa kuwa Kiingereza kwa wengi mle ukumbini kilikuwa lugha ya ubeberu. Wajumbe wa kwao ikabidi watafute vifaa vya kusikilizia tafsiri. Michael Manley, waziri mkuu wa Jamaika, akaushambulia waziwazi mfumo wa uchumi unaozinyonya nchi maskini. Yale tuliyonong'onezana nyuma ya pazia yalikuwa yakisemwa kwenye kipaza sauti, katikati ya jiji, na hakuna aliyekamatwa. Nilisimama mlangoni na furushi la karatasi, wino haujakauka, umenipaka mpaka viwikoni, nikasahau kabisa kuzigawa.

Kisha ikaja ile barua. Target, gazeti la Wakristo la pale Nairobi, lilichapisha maombi ya Warusi wawili, Padri Gleb Yakunin na Lev Regelson, waliouliza kwa nini Baraza linanyamazia mateso ya waumini katika Muungano wa Kisovieti. Gazeti likapita mkono kwa mkono. Mchungaji mmoja kutoka Tanzania, aliyezoea kuja chumba chetu cha mashine kuchukua karatasi zake mwenyewe, alinikuta nimeinamia ukurasa huo.

"Ndugu, umeisoma?"

"Nimeisoma, Mchungaji. Wenzangu watasema ni hila za mabeberu."

"Na wewe wasemaje?"

Nikamwambia Seroney yuko kizuizini bila kushtakiwa, nami namlilia kila siku. Siwezi kumlilia yeye halafu nikampa kisogo padri huyu kwa kuwa tu serikali inayomwandama inajiita ya wafanyakazi.

"Basi kawaambie hivyohivyo," akasema, akachukua karatasi zake akaenda.

Ukumbini mjadala uliwaka. Wengine walitaka Urusi itajwe kwa jina. Wajumbe wa huko wakapinga vikali. Mwishowe maneno yakalainishwa, Katibu Mkuu akaagizwa kuandaa ripoti kuhusu uhuru wa dini katika nchi zilizotia saini Mkataba wa Helsinki, ule wa usalama na haki za binadamu wa mwaka uleule, Urusi ikiwemo. Kwangu halikutosha. Mkutano uliokwisha kuwataja makaburu kwa jina ulikuwa na nguvu ya kuitaja na Moscow pia.

Wiki hiyohiyo niliisoma barua kwenye kikundi chetu, aya kwa aya, tukabishana hadi alfajiri. Wawili waliondoka wakiniita kibaraka, hawakurudi tena. Tuliobaki tuliendelea kuwa wajamaa, tukaendelea kwenda kanisani.

Shikuku na Seroney waliachiliwa Desemba 1978, Moi alipokuwa ameshika urais. Mwaka uliofuata Yakunin akakamatwa. Nilimpelekea Baba habari hizo, na Jumapili iliyofuata akamwombea madhabahuni, akimtaja jina, na baada yake akawaombea wafungwa wa Afrika Kusini.