Gari utaliacha wapi Mkwakwani?

Simba au Yanga wakija Tanga kucheza mpira na Coastal Union, gari usilisogeze karibu na uwanja wa Mkwakwani. Vijana wa "paki hapa, bosi" watakupokea kwa bashasha, wachukue buku mbili, na filimbi ya mwisho ikilia huwaoni. Gari limezibwa mbele na nyuma.

Mimi naliacha Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kwa mama mmoja muuza mihogo. Anavuta benchi lake nipate nafasi, nami nanunua mihogo hata nikiwa nimeshiba. Geuza kabisa, pua itazame njia ya kutokea. Wenye baiskeli wanatucheka tu, na wana haki.

Coastal wakishinda, usihangaike kuwasha. Barabarani wanacheza hadi wazee walioshuhudia ubingwa wa 1988.