Moto Uliolala Chini ya Theluji

Mei 2023 mama alinipigia kutoka Mufindi akanikuta nakohoa. Nikamweleza kwamba Edmonton yote, mji ninaoishi huku Kanada, imejaa moshi wa misitu inayoungua, na nimeziba madirisha kwa mataulo. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, si juzi tu uliniambia theluji imeyeyuka?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Kwetu, kwenye mashamba ya misonobari, moto ni wa Septemba na Oktoba, kiangazi kikiwa kimekomaa, na mara nyingi shamba lililouanzisha linajulikana. Hapa Alberta, jimbo lenye mji wa Edmonton, mwezi wa kuogopa ni Mei. Theluji imeondoka, majani mapya hayajachipua, nyasi za mwaka jana zimelala chini zimekauka, na misonobari yenyewe ina maji kidogo. Kipindi hicho hakikuanza jana. Ila Kanada inapata joto kwa kasi karibu mara mbili ya wastani wa dunia, theluji inawahi kuondoka na siku za hatari zinaongezeka. Tena kila nyuzi moja ya joto inaipa hewa uwezo wa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua isiponyesha, hewa hiyo inanyonya maji kwenye matawi na udongo. Radi au mkono wa mtu ndivyo vinavyowasha. Joto limeshakausha kuni.

Tarehe 3 Mei 2016 Fort McMurray, mji wa kaskazini mwa Alberta, ilifika karibu nyuzi 33. Watu wapatao 88,000 walihama kuukimbia moto wa msitu, wengi wao kwa barabara moja ya kuelekea kusini. Kaka mmoja Mkongomani ninayefanya naye kazi alikuwa kwenye foleni ile na watoto wake, miti ikiwaka kulia na kushoto. Mpaka leo akisikia harufu ya nyama choma anainuka kuchungulia dirishani.

Moto ule ulidhibitiwa Julai, lakini ulitangazwa kuzimika kabisa Agosti 2017. Majira yote ya baridi yalipita juu yake. Udongo wa huku una matabaka ya mimea iliyooza nusu, na moto unafukuta humo polepole, theluji ikiwa juu. Baada ya 2023, mwaka ambao Kanada iliunguza zaidi ya hekta milioni 15 (zaidi ya mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa), mioto mingi ilivuka mwaka namna hiyo.

Naumia Watanzania wenzangu wanaponiambia misitu hii imeungua tangu enzi. Ni kweli, kuna misonobari ambayo koni zake hufunguka kwa joto la moto. Lakini mti mchanga unahitaji miaka mingi kuzaa mbegu. Moto ukirudi kabla ya hapo, utakuta nini cha kuota tena?

Mama siku hizi haniulizi habari za baridi. Januari, nje ikiwa chini ya sifuri nyuzi 30, aliniuliza: "Na huko chini ya theluji, kumepoa?"