Gari la Kuazimisha

Khalati yangu wa Likoni hakuwahi kuipenda Subaru yangu, na wala si kelele zake zilizomkera. Kelele alikwisha kuzizoea, nyumba yake iko karibu na stendi ya matatu. Kilichomuudhi ni kwamba kila ombi lake lilikuwa na jibu moja. Gunia la nazi? Hapana, litachafua buti. Papa mkavu wa kupelekewa mamangu Tudor? Hapana, harufu yake haitoki. Kijana wake alichukue gari ampeleke mkewe kliniki? Hapo ndipo hapana yenyewe. "Basi hilo si gari," akasema siku moja akichambua mchele, hata hakuinua uso. "Hilo pambo."

Pambo lenyewe lilikuwa Impreza WRX STI ya 2006, buluu, rimu za rangi ya dhahabu. Injini ya lita mbili yenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi, nguvu ya farasi 280 kwa hesabu ya kiwandani, giaboksi ya gia sita, breki za Brembo. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya tisini tunaijua rangi ile. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 Colin McRae akiwa usukanini, na 2000 ikarudia na Richard Burns. Mimi mashindano sikuyaona kwa macho, yalikuwa bara huko. Niliyaona kwenye televisheni ya jirani na kwenye kurasa za gazeti nilizobandika juu ya kitanda. Nilipopata kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, na magari ya Japani yakawa yanapita mbele yangu kila wiki kutoka bandarini, ilikuwa suala la muda tu.

Lakini Mombasa si mji wa gari kama lile, na hili nalisema kama mtu anayeupenda mji huu. Kutoka Tudor hadi ofisini Shimanzi ni safari fupi mno. Oili haijapata moto sawasawa, umeshafika, unazima. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoilinda ni oili hiyo hiyo ya injini. Ukiikanyaga oili ikiwa bado nzito, beringi ndizo zinazolipa. Halafu kuna upande wa pili: foleni. Ukikaa kwenye foleni ya feri saa saba mchana, tundu lile la kwenye boneti halipati upepo wowote, na kipoza hewa ya turbo kilicho chini yake kinakuwa kikaango. Ukija kuondoka, gari zito, halitaki. Klachi ngumu, jioni Daraja la Nyali unaondoka na mguu wa kushoto unatetemeka. Tuktuk zinakupangusa ubavuni. Bodaboda anapita katikati na vishikio vyake, anakupigia kioo, anakuambia pole huku keshafika Kongowea. Na chumvi ya bahari haijui kwamba gari hili lilishinda Safari. Ilianza kula mabawa ya nyuma, pale pale ambapo Impreza za mtindo ule huota kutu.

Feri ndiyo iliyonimaliza. Siku za bamvua, maji yakikupwa sana, pale unapotoka kwenye zege kuingia kwenye mlango wa chuma pana pembe kali. Magari mengine yanapita bila habari. Mimi ilibidi niingie kimshazari, taratibu, huku kijana wa feri akinipungia mikono niharakishe, na umati wa watembea kwa miguu umejaa pande zote ukitazama. Kisha unasikia krrraaa chini ya bampa, na watu wazima wanacheka. Wakati huo barabara ya Dongo Kundu, ile ya kuzunguka bila kupanda feri, haijafunguliwa, kwa hivyo mtu mwenye khalati Likoni hakuwa na njia nyingine ya maana.

Raha yake niliipata alfajiri za Jumapili tu. Unavuka Mtwapa kungali giza, unafika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo barabara ni yako peke yako, injini imepata moto wake, unashuka gia moja na unaisikia turbo ikivuta pumzi. Sheria ina kikomo chake na mimi sitasema zaidi. Unageuza Kilifi, unarudi, chai ya asubuhi unaikuta bado moto. Kwa ajili ya saa ile, siku nyingine zote sita nilikuwa naliadhibu gari, nalo likiniadhibu mimi.

Fundi wangu, mzee mmoja wa Shimanzi asiye na maneno mengi, aliliweka wazi siku aliponibadilishia pedi za breki. "Unaliua kwa safari za sokoni," akasema. "Tafuta la kuchafua." Ndugu yangu akapendekeza Vitz, gari dogo la Toyota. Vitz ni gari zuri kwa mtu asiye na jamaa Likoni. Pikipiki mamangu hakutaka hata isikike ikitajwa nyumbani. Fundi akafuta mikono, akasema neno moja, "Probox," akarudi chini ya gari la mtu mwingine.

Sasa, Probox si siri kwa Mkenya yeyote. Toyota waliitoa 2002 iwe gari la kupelekea mizigo madukani, na hadi leo haijifanyi kitu kingine. Injini ya 1.5 inatumia mnyororo wa taimingi, si mkanda. Mwenye Subaru ataelewa usingizi uliomo ndani ya sentensi hiyo: mkanda wetu ukikatika barabarani, vali na pistoni hukutana, na bili yake utaisoma ukiwa umeketi. Swali la kwanza unalouliza ukiona Probox inauzwa ni kama imewahi kubeba miraa, kwa sababu zile za miraa hushuka kutoka Meru kama zinafukuzwa, na gari lililoishi maisha hayo halina siri ya kukuficha.

Tulikwenda kuitazama Changamwe, Ijumaa baada ya swala. Nyeupe, inauzwa na mwenyewe, bampa la mbele limefungwa kwa waya. Kilomita za kwenye dashibodi fundi hakuzitazama kabisa. Alifungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akanusa. Akainua zulia la plastiki, akaokota kitu kati ya vidole viwili, akanionyesha: chembe za mkate mkavu. Zilikuwa kila mahali, kwenye reli za viti, kwenye kona za buti. Mwenye gari akakubali, lilikuwa la kampuni ya mikate, likisambaza madukani alfajiri. Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Gari la mikate, alinieleza baadaye, linasimama kila duka na halipati nafasi ya kukimbia. Akavuta kijiti cha oili, akafungua kifuniko cha redieta injini ikiwa baridi, akaniambia niliendeshe juu ya tuta huku yeye akitembea pembeni na sikio limeinama. Shokomzoba ya nyuma kulia imekufa, akaitoa kwenye bei. Jioni ile nilikata bima ya mtu wa tatu, ile ndogo, na sikuhisi chochote. Kwa Subaru nilikuwa nikilipa bima kubwa na bado silali.

(Utani wa uke wenza nimeshausikia wote, ahsanteni.)

Jumamosi ilikuwa harusi ya binti wa khalati. Biriani ya wanaume ilikuwa ikipikwa kwa mpishi mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, na pikapu ilikodiwa tangu wiki iliyotangulia kuivusha hadi Likoni. Saa nne asubuhi simu ya mwenye pikapu haishikwi. Saa nne na nusu imezimwa. Kijana wa khalati akanipigia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujua jibu, anauliza kwa kutimiza wajibu tu. "Kaka, najua lile gari lako haliwezi, lakini je, kuna mtu unayemjua..."

"Naja," nikamwambia.

Tulilaza viti vya nyuma, sakafu ikawa sawa kama meza ya fundi cherehani asiye na kazi. Masufuria ya wali, vifuniko vimezibwa kwa unga, yakaingia kwanza. Ya mchuzi yakafuata, tukayabana kwa magunia na mito ya zamani ya mpishi. Gari likaketi chini kidogo nyuma, likatulia. Msaidizi wa mpishi akapanda mbele akiwa na birika la kahawa chungu, na mimi nikamwonyesha kile kimeza kinachovutwa kutoka kwenye dashibodi, Wajapani walikiweka dereva aandikie risiti zake. Akapanga vikombe juu yake, akanitazama kwa heshima ambayo Subaru haikuwahi kunipatia kwa mtu wa makamo.

Foleni ya feri ilifika hadi barabarani. Nikazima, nikawasha, nikasogea, nikazima. Bodaboda akapita akagusa kioo, kioo kikajikunja, nikanyoosha mkono nikakirudisha, mazungumzo hayakukatika. Maji yalikuwa yamekupwa. Tukaingia feri moja kwa moja, kilichogongana ni masufuria tu, na kijana wa feri hakunitupia hata jicho. Katikati ya mkondo harufu ya biriani ilikuwa imewafikia watu wa miguu, mzee mmoja akaegemea dirishani kuuliza harusi ni ya nani na iko mtaa gani. Nikamwelekeza. Na alikuja, nilimwona baadaye kwenye jamvi akila kwa utulivu.

Sufuria moja la mchuzi lilivuja. Mafuta ya biriani yalitiririka hadi kwenye reli za viti yakakutana na mikate ya kale. Lingekuwa gari lile jingine ningekuwa bado nalisimulia kwa machozi. Hapa nililifungua milango yote, nikaomba mpira wa maji, nikapiga.

Khalati alitoka jikoni na buibui limefungwa kiunoni. Akalizunguka gari lote, akagonga paa kwa viganja kama anayechagua fenesi. "Hili la nani?"

"Letu, khalati."

Hakusema kitu. Alirudi ndani, na baadaye kidogo sahani yangu ikaja na nyama ambayo nadhani ilikuwa fungu la watu watatu.

Baada ya chakula kijana wake akanifuata, akaanza maneno ya mbali, kuhusu viti vya kukodi, kuhusu wageni wa Ukunda waliokosa usafiri. Nikatoa ufunguo nikamtilia mkononi kabla hajamaliza. Maisha yangu yote ya kumiliki gari sikuwa nimewahi kumpa mtu ufunguo bila moyo kunipaa, bila kumhutubia kuhusu kusubiri injini ipoe kabla ya kuzima, kuhusu matuta, kuhusu gia ya pili. Nilimwambia tu akikuta taa ya mafuta imewaka asishangae. Nikavuka feri kwa miguu, bure, nikiwa nimebeba kifurushi cha biriani ya mamangu.

Jumapili alfajiri nilikwenda Kilifi na Subaru, na ilikuwa safari tamu kuliko zote. Jumatatu asubuhi nilitoka nimevaa nguo za kazi, nikasimama mahali nilipokusudia Probox iwe inalala. Patupu. Nikapiga simu Likoni.

"Gari lako lina baraka mwanangu," khalati akaanza kabla hata sijamwamkia. Viti vimerudishwa, vyombo vya bi harusi vimefika. Sasa amelichukua mjomba, amelipakia mabati, yuko njiani kwenda Lunga Lunga, na huenda akalala huko kwa sababu kuna mtu wa kumwona.

"Na mimi kazini niende na nini, khalati?"

Akanyamaza kidogo, kama anayeshangaa swali. "Kwani lile pambo limeharibika?"