Imla ya gh

Jana mwanangu alirudi shule na daftari la Kiingereza kalikunja katikati, nikajua tu kuna jambo. Imla ya maneno kumi, kakosa saba. Yuko darasa la nne. "Night" kaandika nait, "laugh" kaandika laf, "daughter" dota, "enough" inafu. Kalamu nyekundu haikuacha kitu.

"Mama, mimi nimeandika nilivyosikia," akasema, mdomo umeshaanza kutetemeka.

Na kweli, kaandika Kiswahili safi kabisa. Hata wazee wetu walipoletewa jembe la kukokotwa na ng'ombe waliliita plau, ile gh ya "plough" wakaiacha hukohuko ilikotoka.

Nikainjika maharage, nikakaa naye mezani. Tukaanza na maana. "Night" ni usiku. "Light" ni mwanga, na pia ni kitu chepesi. "Right" ni upande wa kulia, ni sahihi, na ni haki; hilo lilimchosha kidogo. "Eight" nane. "Cough" ni kukohoa, akacheka, eti hilo ukilisema tayari umekohoa. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi nilimaliza shule bila kuliuliza: kama gh haisemwi, nani aliiweka?

Iliwekwa kwa sababu ilikuwa ikisemwa. Waingereza wa kale usiku waliuita "niht", na hiyo h ilitoka kooni, kama kh ya mwisho kwenye sheikh. Wajerumani wanayo mpaka leo: Nacht ni usiku, Licht ni mwanga, acht ni nane, Tochter ni binti. Huko Uskoti bado utawasikia wanaosema nicht. Waandishi wa Kiingereza wakaizoea sauti hiyo kuiandika gh. Baadaye midomo ikaiacha. Kwingine ikapotea kabisa, kwingine ikageuka f, ndiyo maana tuna "laugh", "cough" na "rough". Lakini mashine za kuchapa vitabu zilikuwa zimeshaingia, na tahajia ikaganda palepale ilipokutwa.

Alilolipenda zaidi ni "knight". Zamani neno hilo lilimaanisha mvulana tu, kijana wa kutumwa. Likapanda cheo taratibu mpaka likawa askari wa farasi wa mfalme. Limepanda cheo na kupoteza sauti mbili njiani, k mbele na gh katikati.

Si kila gh ina haki ya kuwapo, lakini. "Delight", yaani furaha kubwa, lilitoka Kifaransa bila gh yoyote. Likavishwa tu ili lifanane na "light" na "night". Na "ghost", mzimu, zamani liliandikwa bila h. William Caxton, aliyeanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476 pale Westminster, alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji ulio Ubelgiji ya leo, na huko mzimu waliuandika gheest. H ikasafiri naye. Herufi isiyosikika ndani ya neno la mzimu! Hapo hata mimi nilicheka.

Sisi kh yetu ilipoanza kulainika tuliifuta na kwenye maandishi. Zamani watu waliandika khabari na kheri, leo habari na heri. Imebaki kwenye majina: mtaani kwetu kuna Khamis, na nyumba ya tatu kuna Hamisi.

Nilikuwa najisifu hivyo, mtoto akanikata. "Mbona kwenye insha nilikosa gafla?"

Nikanyamaza. Muhula uliopita aliandika gafla badala ya ghafla, na nikamgombeza kwa uzembe. Kumbe kaandika alivyosikia, na aliyemsikia ni mimi. Nimekulia Dodoma, kinywani mwangu ni gali, gafla, luga, gorofa. Gh naiandika kwa sababu najua inatakiwa, kama Mwingereza na "night" yake. Mama yangu ni mtu wa Tanga, yeye anayo kamili, inakwaruza taratibu kooni kama mtu anayesukutua maji. Utotoni alikuwa akinirudisha kila mara, "Lugha, mwanangu, si luga," mpaka akachoka.

Basi tukampigia simu. Shikamoo Bibi, marahaba mjukuu wangu, kisha akamfundisha: ghali, ghorofa, shughuli, magharibi. Neno la nne mtoto alilipata, mimi bado. Maharage yakashika chini wakati nahangaika na shughuli.

Akafurahi mno, akataka kumwonyesha Bibi na ile ya Waingereza wa kale. Akavuta pumzi, akaisema "night" kwa kh ya kooni, ndefu, kwa nguvu zake zote.

Kimya kidogo upande wa pili. Kisha Mama akaniita kwa jina.

"We, huyo mtoto kashikwa na kifua? Mpe tangawizi alale."