Masuke Yaliyoachwa Makusudi

Neno la juma hili: Ruthu 2:14–18, Kumbukumbu la Torati 26:1–11, 2 Wakorintho 9:12–14

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Torati ilikuwa imeshaagiza kwamba mwenye shamba asivune hadi pembeni wala asirudie kuokota kilichoanguka, kwa kuwa hicho ni cha maskini na mgeni (Walawi 19:9–10). Boazi, mwenye shamba alimokuwa akiokota Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu, angeishia hapo, asingekuwa na kosa. Lakini yeye alimkaribisha Ruthu chakulani pamoja na wavunaji, naye Ruthu akala akashiba na kusaza. Aliporudi kuokota, Boazi akawaagiza vijana wake wachomoe masuke katika miganda na kuyaacha makusudi, tena wasimkemee. Jioni Ruthu akapura alichookota, akapata kama efa moja (kipimo cha kale cha nafaka) ya shayiri, akajitwika mwenyewe kumpelekea mkwewe. Alifika nyumbani kama mtu aliyetoka kazini.

Nimekaa na habari hii juma zima, kwa sababu inanihukumu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kundi la huduma lililompelekea mama mmoja mjane mahitaji ya nyumbani. Tuliimba, tukaomba, kisha nikamsimamisha mlangoni ashike kile tulichomletea ili nipige picha ya kuwaonyesha washarika. Akainamisha uso. Wanawe walikuwa nyuma yake wakitazama. Sikuelewa siku ile. Nilidhani ni haya tu za mtu mzima, nikamwambia ainue kichwa kidogo. Bwana anisamehe.

Boazi alijifunza wapi upole ule? Maandiko hayasemi waziwazi, lakini Mathayo 1:5 inamtaja mama yake kuwa ni Rahabu. Kama ndiye yule wa Yeriko, basi Boazi alilelewa na mwanamke mgeni aliyepokelewa kwa rehema, na Ruthu Mmoabi alipoingia shambani, Boazi aliona kitu anachokifahamu tangu utotoni.

Ndivyo pia Mungu alivyowafundisha Israeli kutoa malimbuko, yaani mazao ya kwanza ya nchi (Kumbukumbu la Torati 26). Mtu alileta kapu, kuhani akaliweka mbele ya madhabahu, na mtoaji akatakiwa kusema. Hakutaja ukubwa wa shamba lake. Alianza na baba yake, Mwarami aliyekuwa karibu na kupotea, kisha utumwa wa Misri, kisha mkono wa Bwana uliowatoa. Baada ya hapo tu ndipo aliposema kuwa ameleta malimbuko ya nchi aliyopewa. Mstari wa 11 unamwagiza afurahi, yeye pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yake. Mtu aliyetoka kukiri kwamba baba yake alikuwa mhitaji atamtazamaje kwa dharau mhitaji aliyeketi naye?

Hapo ndipo naona sadaka zetu nyingi zinapopungukiwa. Tunatoa, na wengine wanatoa kwa kujinyima kweli. Ila tumesahau ile habari inayokwenda pamoja na kapu.

Kanisa la kwanza nalo lilijikwaa katika huduma hii. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, kukawa na manung'uniko. Mitume hawakuwaambia washukuru kwa kidogo wanachopata. Waliitisha kusanyiko, wakachaguliwa watu saba, na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Yaelekea kazi ilikabidhiwa watu wa upande ule ule uliolalamika. Natamani na sisi, tunapopanga huduma kwa majirani, mmoja wao awe ameketi nasi tangu kikao cha kwanza.

Paulo naye anaongeza jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Anawaambia Wakorintho kwamba changizo lao halitaishia kuwatimizia watakatifu mahitaji yao. Litazidi kwa shukrani nyingi kwa Mungu, na wale waliopokea watawaombea waliotoa na kuwaonea shauku. Kwa hiyo anayepokea naye ana cha kutoa, na mtoaji anakihitaji.

Nilirudi kwa yule mama baada ya muda mrefu, peke yangu, bila kamera. Nilimwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Keti, mwanangu," akaniuliza habari za nyumbani kwangu. Siku zile nilikuwa na mgonjwa ndani, na sikuwa nimemwambia mtu kanisani. Nikamweleza yote. Akanishika mikono, akaomba kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwombea mtu yeyote mlangoni pake, akamtaja mgonjwa wangu kwa jina. Nilipoaga akaniambia nisipotee, kwa kuwa atataka kujua mgonjwa anaendeleaje.