Paa langu la sleti: kwa nini sikukubali kuezua lote

Nyumba za safu za hapa Leicester, Uingereza, zile za matofali mekundu zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19, nyingi zimeezekwa kwa sleti, yaani vipande bapa vya jiwe, zilizoletwa na treni kutoka Wales. Huku kulikuwa na sleti ya hapahapa pia, ya Swithland, nene na yenye uso wa kukwaruza. Unaiona mpaka leo kwenye mapaa ya vijiji na makaburi ya zamani. Lakini ya Wales ilipasuka vipande vyembamba zaidi, ikawa nyepesi na nafuu, na machimbo ya Swithland yakafa. Kwa hiyo sisi tuliohamia humu, tuwe tumetoka Tanga, Mombasa au Bujumbura, tumerithi paa la jiwe bila kuulizwa.

Langu lilikuja na makaratasi yake. Ripoti ya mkaguzi wakati nanunua nyumba ilisema paa "linakaribia mwisho", baadhi ya sleti zimeteleza na chumba cha nyuma kina doa la maji. Kampuni ya kwanza niliyoiita haikufungua hata ngazi. Kijana wao alisimama ng'ambo ya barabara, akatazama juu, akanipigia hesabu ya kuezua lote na kuweka vigae vya saruji.

Kilichonizuia ni nyumba ya jirani. Iliwekwa vigae hivyo zamani, na ukisimama mwisho wa mtaa ukaufuata mgongo wa paa kwa jicho, unaona kabisa pale unapobonyea. Sleti nyembamba za Wales zikishalazwa zina uzito wa kama kilo 30 kwa mita ya mraba. Vigae vya saruji hukaribia 50. Makombamoyo ya nyumba hizi yalikatwa kwa ajili ya mzigo wa kwanza. Ukitaka kupandisha uzito namna hiyo, sheria za ujenzi zinataka mbao zikaguliwe na ikibidi ziimarishwe kwanza. Yule kijana hilo hakuligusia.

Baada ya kuulizauliza nikampata fundi mmoja, mtu mzima, kazi yake sleti tu. Naye hakuanza kwa kupanda juu, aliingia darini. Upande wa mbele wa paa langu hauna kitambaa cha lami chini yake. Sleti zimepigiliwa kwenye papi, na kwa ndani zimesiribwa chokaa iliyochanganywa na manyoya ya ng'ombe, ufundi wa enzi hizo. Alizima tochi, tukakaa gizani tukitazama mwanga unaopenya. Michirizi myembamba ya mwanga kati ya sleti na sleti haikumshughulisha, akasema paa linapumua. Alichokuwa anatafuta ni mbao zenye weusi wa unyevu, na akaupata sehemu moja tu, pembeni ya dohani.

Kisha akapanda. Akaokota sleti iliyokuwa imeteleza hadi kwenye gata, akaifuta kwa kiganja, akaining'iniza kwa vidole viwili na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kikombe cha kaure. Nyingine aliyoigonga ikatoa sauti ya kufa, akaiweka kando: ina ufa, ingawa kwa macho huuoni. Akanionyesha tundu za msumari za ile nzima. Zilikuwa na duara la kutu, na ndani ya moja kulibaki kipande cha msumari ambacho nilikisaga kwa ukucha.

"Jiwe lako ni zima," akaniambia. "Msumari ndio uliokufa."

Nilichohitaji kujua kuhusu paa hili kilikuwa hicho, na ndicho ningependa kila mwenye nyumba kama yangu akijue kabla ya kusaini chochote. Sleti nzuri ya Wales hupita miaka 100 bila shida. Misumari ya chuma ya wakati ule haifiki huko. Inaliwa na kutu, sleti moja inateleza, na mwenye nyumba anaambiwa paa limeoza. Swali la kuuliza ni zinateleza ngapi na wapi. Zikiwa chache, unazirudisha mojamoja. Zikiwa zinadondoka kila upepo ukivuma, unaezua upande huo, unaweka papi mpya na kitambaa cha kisasa kinachopitisha mvuke, halafu unarudisha sleti zilezile kwa misumari ya shaba.

Upande wa mbele ulikuwa wa kurudisha mojamoja. Hapa ndipo utamjua fundi wa sleti na fundi wa kubahatisha. Sleti zangu zina urefu wa sentimita 50, lakini zinazoonekana ni 20 tu; zilizobaki zimefunikwa na safu za juu. Huwezi kupigilia msumari mahali pake pa zamani kwa sababu hapaonekani. Fundi alipitisha chini ya sleti chuma kirefu chembamba chenye ndoano mwishoni, akakivuta kwa nyundo mpaka mabaki ya msumari yakakatika. Halafu akapigilia utepe wa risasi, ile metali laini ya kijivu, katika mwanya wa kati ya sleti mbili za chini, akaisukuma sleti hadi mahali pake, akakunja ncha ya utepe kuishikilia. Ukiona nyumba ina ndimi nyingi za tepe hizo za kijivu pembezoni mwa sleti, ujue misumari ya upande huo imeshaanza kwenda. Anayekuja na saruji au gundi, mrudishe.

Upande wa nyuma, unaopigwa na mvua ya kusini magharibi, uliezuliwa wote. Sleti nyingi zilifaa tena, nyingine zilipasuka wakati wa kutolewa, hilo halikwepeki. Ilibidi kununua za kujazia, na hapo ndipo nilipoumiza kichwa. Sleti mpya ya Wales ni ghali. Inayouzwa zaidi Ulaya inatoka Hispania, hasa Galicia, na nzuri yake ni nzuri kweli. Ukinunua mpya, angalia alama za kiwango cha Ulaya, EN 12326: T1 (inahimili joto na baridi) na S1 (inahimili hewa chafu yenye salfa) ndizo za kutafuta. T3 maana yake madini ya chuma yaliyomo yanaweza kushika kutu hadi kutoboa jiwe.

Mimi nilichukua za Wales zilizotumika, kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya nyumba za zamani. Rangi ilikuwa ileile ya bluu inayoelekea zambarau, ya machimbo ya Penrhyn kule Bethesda. Ila rangi haikuwa hoja yangu kubwa, nyuma nani anaiona? Hoja ni unene. Ukichanganya nyembamba na nene kwenye safu moja, hazilali, na upepo unapata pa kuingilia. Fundi alizipanga kwanza chini kwa unene, nene zikaenda kwenye ukingo wa chini wa paa, nyembamba juu. Kabla ya kulipa nilizisimamisha chache kwenye ndoo, maji hadi nusu, usiku kucha. Sleti nzuri asubuhi huwa na mstari wa maji palepale. Mbovu huyanyonya yakapanda.

Lile doa la chumbani, kumbe, halikutokana na sleti hata moja. Risasi inayofunga maungio ya dohani na paa ilikuwa imechanika, na mtu fulani aliwahi kuipaka saruji juu. Iliwekwa mpya wakati jukwaa la mafundi bado limesimama. Jukwaa ni sehemu kubwa ya bili, kwa hiyo likiwa juu maliza kila kitu: dohani, gata, vigae vya mgongoni.

Matunzo ya sasa ni kidogo. Majani yakishapukutika, gata zinasafishwa. Baada ya dhoruba natazama kwa darubini kutoka bustanini. Juu ya sleti hakanyagi mtu. Anayepanda hutumia ngazi yenye ndoano inayoshika mgongo wa paa. Ukoga wa kijani nauacha, isipokuwa ukiziba gata. Wanaobisha hodi kutaka kuosha paa kwa mashine ya maji ya kasi, kulipaka rangi, au kupulizia povu la kuzuia baridi kwa ndani, nawaaga mlangoni. Povu hasa ni balaa: linagandisha sleti na kuficha mbao, na baadhi ya wakopeshaji wa nyumba hukataa kabisa paa lenye povu.

Mdogo wangu wa Tanga anapiga simu, "Kaka, si ungeweka bati tu, umalize?" Nimemwahidi picha za upande wa nyuma. Sleti zilizobaki nimezisimamisha kwa ubavu nyuma ya banda la baiskeli, maana zikilazwa chini kwa rundo, za chini hupasuka.